SITARA YA NYUMBA NA DHULMA YA MUME

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyejiharamishia dhulma Nafsi Yake, kisha Akaiharamisha baina ya waja Wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, ambaye Bibi Aisha, Radhi za Mungu ziwe juu yake, amesimulia kuwa hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake; na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao.

Ama baada ya hayo:

MAS-ALA

Liko swali ambalo huulizwa kwa sauti ndogo, na mara nyingi haliulizwi kabisa. Muislamu akijua kwa yakini kuwa jirani yake, au ndugu yake, au mkwewe, anamdhulumu mkewe ndani ya nyumba, je, imempasa anyamaze kwa ajili ya sitara, au imempasa aseme? Na mwanamke mwenyewe akitoka akenda kushitaki, je, amefedhehi nyumba yake na kuwa nashiza, au ametafuta haki ambayo Mungu amempa?

Wengi katika watu wa pwani hujibu upesi kwamba ya ndani hayatoki nje, na kwamba asiyelala ndani ya nyumba haijui ila yake. Jawabu hili lina asili njema. Watu wa pwani wamelelewa juu ya sitara, na sitara ni tabia ya kiungwana ambayo hapana mwenye akili atakaye itupwe. Nyumba ya mawe ya mji wa kale ilijengewa daka mlangoni ili mgeni akomee hapo, asione waliomo ndani. Walakini daka liliwekwa kuzuia macho yasiyo na haki ya kutazama. Halikuwekwa kuzuia kilio kisisikike. Na mtu asiyetafautisha baina ya mambo haya mawili huweza kuwa mwizi wa haki ya mwingine hali anadhani kuwa ni mwenye heshima.

KWA NINI KARAGWE NA KYERWA

Mfano wa mas-ala haya umechukuliwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, huko kaskazini-magharibi ya Tanzania, ambako mto wa Kagera ndio mpaka. Wilaya hizi zilikuwa moja hata mwaka 2012, ndipo Kyerwa ilipotengwa ikawa wilaya mbali. Sababu ya kuchaguliwa ni mbili.

Ya kwanza, nchi hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora ilikuwa ikifika Karagwe zama za mfalme Rumanyika. Speke na Grant walipofika kwa mfalme huyo mwaka 1861 njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wafanya biashara Waarabu na Waswahili. Na Stanley alipopita mwaka 1876 aliwakuta Kafuro, karibu na makao ya mfalme, wamejenga na kukaa. Basi mtu wa pwani aendaye huko leo kwa biashara ya kahawa au ya maharagwe, au kusomesha, akaoa huko, hana haki ya kusema kuwa mambo ya watu wale hayamhusu.

Ya pili, huko hali huonekana wazi, haifichwi na kuta za mawe. Nyumba ya Karagwe husimama katikati ya kibanja chake, yaani shamba la migomba lenye mibuni ndani yake. Nyumba na nyumba hutengwa na migomba hiyo, na kilio cha usiku aghlabu husikiwa na jirani mmoja au wawili tu. Jirani huyo akinyamaza, hapana mwingine aliyesikia. Kwa hivyo mas-ala ya kunyamaza na kusema, ambayo mjini hugawanyika juu ya watu wengi hata kila mmoja akamtegemea mwenziwe, huko humshukia mtu mmoja kwa uzito wake wote.

DHULMA SI FIMBO PEKE YAKE

Watu wengi huifahamu dhulma ya nyumba kuwa ni kupiga tu, na asiyepiga hujiona yu salama. Kufahamu huku ni kupungufu. Iko dhulma ya mkono, nayo ni kupiga, kusukuma, kuchoma na kunyonga. Iko dhulma ya ulimi, nayo ni matusi ya kila siku, na kumtishia mke kwa talaka au kwa kifo, na kumdharau mbele ya watoto wake. Iko dhulma ya kufungia, nayo ni kumkataza asiwaone wazazi wake wala asende kwa mganga akiumwa. Na iko dhulma ya mali, ambayo huko Karagwe na Kyerwa ina jina lake linalojulikana.

Jina hilo ni butura. Maana yake ni kuuza kahawa ingali ua mtini, au ingali mbichi, kwa bei ndogo sana, kwa mtu mwenye fedha taslimu, naye ndiye atakayechukua mavuno. Serikali imeikataza biashara hii, kwani humtia mkulima katika umasikini. Walakini kuna jambo ndani yake ambalo aghlabu halitajwi. Mwanamke ndiye aliyepalilia mibuni ile, na ndiye atakayechuma na kuanika. Mume huenda peke yake kwa mnunuzi, akapokea fedha, na fedha zikaishia katika pombe ya ndizi au kwa mwanamke mwingine. Wakati wa mavuno ukifika mke huchuma kahawa isiyo yake wala ya watoto wake, na akiuliza hupigwa. Hapa fimbo si mwanzo wa dhulma; ni kifuniko chake. Mume hupiga ili asiulizwe.

Na katika madhehebu ya Imamu Shafi hukumu ni wazi: mke hakulazimishwa kumtumikia mumewe hata kwa kupika, sikwambii kumlimia shamba. Afanyapo hayo hufanya kwa ihsani na kwa mazoea mema ya watu. Chakula chake, nguo zake na makao yake ni deni juu ya mume. Basi mume aulaye umri wa mkewe shambani, kisha akamnyima chakula, amechukua kisichokuwa wajibu na amezuia kilichokuwa wajibu.

NI YA BARA TU?

Huenda msomaji akasema nafsini mwake kuwa hayo ni ya watu wa bara, na ni ya walevi, na kwamba pwani hakuna. Dhana hii haisimami. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitangaza uchunguzi wake uliofanywa katika nchi nyingi, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Katika kila wanawake 100 waliopata kuwa na mume au mwenza, wale waliopata kutendewa nguvu naye, za kupigwa au za kuingiliwa bila ya ridhaa, walikuwa 56 katika mkoa wa Mbeya, na 41 katika mji wa Dar es Salaam. Na Dar es Salaam ni pwani, ina misikiti kila mtaa. Pombe huongeza moto, walakini si yenye kuuwasha. Kwani mlevi yule yule hampigi mkubwa wake wa kazi wala askari. Amechagua wa kumpiga, na mwenye kuchagua hakupotewa na akili.

Na katika uchunguzi wa afya ya watu wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 waliulizwa wanaume na wanawake kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama vile kuunguza chakula, au kutoka bila ya kumwambia. Waliosema kuwa anayo haki, japo kwa sababu moja, walikuwa wanaume 40 katika kila 100, na wanawake 58 katika kila 100. Wako watakaosema, basi wanawake wenyewe wameridhika. La. Mfungwa aliyezaliwa gerezani akisema kuta ni za lazima, maneno yake si ushahidi wa uadilifu wa gereza. Ni ushahidi wa urefu wa kifungo. Na haki aliyoweka Mungu haiondoki kwa kuwa mwenyewe hakuambiwa kuwa anayo.

HOJA YA SITARA NA JAWABU LAKE

Wenye kunyamaza hutegemea Hadithi iliyo sahihi, ambayo maana yake ni kuwa mwenye kumsitiri Muislamu, Mungu atamsitiri duniani na Akhera. Hadithi hii haina shaka, shaka ni katika kuifahamu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika sharhi yake ya Sahihi Muslim amebainisha kuwa sitara hii ni ya mtu mwenye staha ambaye hakujulikana kwa maudhi na ufisadi, akiteleza katika maasi yaliyokwisha kupita. Ama mwenye kujulikana kwa maudhi, iliyo bora ni asisitiriwe, bali khabari yake ipelekwe kwa mwenye mamlaka, ikiwa hapana khofu ya shari kubwa zaidi. Na maasi ambayo mtu angali ndani yake yanapaswa kuzuiwa pale pale na mwenye kuweza.

Tafauti ni hii. Mtu aliyekosa baina yake na Mola wake, siri ni yake na Mola wake, na mwenye kuifunika amefunika kosa la mtu mmoja. Mtu amdhulumuye mwingine hana siri ya peke yake. Ndani yake mna mtu wa pili mwenye haki, na mwenye kuifunika amemfunika na yule aliyedhulumiwa, kama afunikaye kisima hali ndani yake mna mtu anayeita.

Na dalili za jambo hili ni nyingi. Zitatajwa tano.

Ya kwanza ni Aya ya 148 ya Suratun-Nisaa. Mwenyezi Mungu ameeleza humo kuwa Hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha Akamtoa katika katazo hilo mwenye kudhulumiwa. Basi kilio cha aliyedhulumiwa kimeruhusiwa na Qurani yenyewe.

Ya pili ni mwanzo wa Suratul-Mujadila. Mwanamke alikuja kwa Mtume kumshitaki mumewe, naye ni Khaula binti Thaalaba. Hakuambiwa arudi akafunike ya nyumbani mwake. Mungu Alisikia mashitaka yake, na sura nzima ikaitwa kwa jina la kujadili kwake.

Ya tatu, imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa wanawake wengi walikwenda kwenye nyumba za Mtume, Rehema na Amani zimshukie, kuwashitaki waume zao kwa kupigwa. Mtume hakuwalaumu wanawake kwa kutoa siri. Aliwalaumu waume, akasema kuwa hao si wabora miongoni mwa watu wake.

Ya nne, Habiba binti Sahl alipigwa na mumewe, Thabit bin Qays, hata akaumizwa kiungo. Akaenda alfajiri mlangoni kwa Mtume, na Mtume alipotoka kwa sala alimkuta hapo gizani. Mumewe akaitwa, mahari yakarejeshwa, wakaachana. Hakuambiwa mwanamke huyo angoje mpaka jambo limfikishe kaburini.

Ya tano, Fatima binti Qays alimtaka Mtume shauri alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm. Mtume alimwambia wazi kuwa Abu Jahm ni mpigaji wa wanawake. Hii ni aibu ya ndani ya nyumba ya mtu, na imetolewa nje na mbora wa viumbe ili mwanamke mwingine asitumbukie. Ndipo wanavyuoni, akiwamo Nawawi katika Riyadhus-Salihin, walipotaja mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa kosa lake si kusengenya kulikoharamishwa; na la kwanza katika hizo ni aliyedhulumiwa kushitaki kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki.

JIRANI KATIKA VITABU VYA SHAFI

Na ajabu ni kuwa jambo hili limo katika kitabu kisomeshwacho katika madrasa za pwani, nacho ni Minhaj ya Imamu Nawawi huyo huyo. Watu hupita juu yake bila ya kusimama. Maana ya yaliyomo ni kuwa mume akimzuilia mke haki yake, kadhi humlazimisha aitoe. Akimuudhi bila ya sababu, kadhi humkataza. Akirudia, humtia adabu. Na mume akidai kuwa mke ndiye mkosa, na mke akidai kuwa mume ndiye mkosa, kadhi huitafuta khabari yao kwa mtu mwaminifu awajuaye, kisha humzuia aliye dhalimu. Wenye sharhi wakaongeza kuwa huweza kukalishwa karibu na jirani mwaminifu, na wengine wakasema kuwa mume hutengwa na mkewe mpaka arejee katika uadilifu. Shida ikizidi, hutumwa hakimu kutoka kwa jamaa za mume na hakimu kutoka kwa jamaa za mke, kama ilivyo katika Aya ya 35 ya Suratun-Nisaa.

Na aangaliwe vyema mtu huyu mwaminifu anayeulizwa. Ni nani kama si jirani? Sharia imemfanya jirani kuwa jicho la kadhi. Jirani akisema hakuona hali ameona, ameificha shahada, na kadhi hana njia nyingine ya kuijua haki. Basi kunyamaza kwake si sitara wala si adabu. Ni kubomoa nguzo ambayo hukumu imeisimamia.

Na kuhusu kutoka nyumbani, ni kweli kuwa mke akitoka bila ya idhini ni nushuzi. Walakini wanavyuoni wa madhehebu wametoa katika hukumu hiyo mwanamke anayekhofia nyumba kumwangukia, na anayekhofia nafsi yake, na anayekwenda kwa kadhi kudai haki yake. Ikiwa kuta zinazoanguka ni udhuru wa kutoka, mkono uvunjao mifupa hauwi udhuru?

AYA YA 34

Watabaki watu watakaoishika Aya ya 34 ya sura hiyo. Jawabu ni kuwa wanavyuoni hawakuiachia aya hiyo mikononi mwa mwenye hasira. Kwa Mashafi, kupiga kulikotajwa ni baada ya mawaidha na baada ya kuhama kitanda, na ni kwa nushuzi iliyothibiti, si kwa chakula kilichoungua. Kusiumize wala kusiache alama, kusiwe usoni. Akijua kuwa hakutafaa, kumeharimika. Na kukileta dhara, mume hulipa, kwa kuwa ruhusa ilikuwa kwa sharti ya kusalimika. Kisha Imamu Shafi mwenyewe katika Al-Umm amekhitari kuacha kabisa, kwa kufuata alivyopenda Mtume.

Basi upeo wa jambo lenyewe ni ruhusa iliyofungwa pande zote, na kuiacha ni bora. Hapana mwanachuoni aliyesema kuwa ni wajibu wala sunna. Na nchi ikikataza jambo ambalo si wajibu wala si sunna, kwa sababu watu wamelifanya ngazi ya kuua na kulemaza, Muislamu anayelalamika kuwa dini yake imeguswa amesema asilolijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania, kifungu cha 66, imesema kuwa hapana mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenziwe kwa kumtia adabu, hata kama mila inaruhusu. Aliyefuata khiari ya Imamu Shafi hakupungukiwa kitu kwa kifungu hicho.

SABRA NI YA NANI

Liko neno ambalo kila mwanamke aliyepigwa amelisikia: subiri. Huambiwa na mama yake, na wifi yake, na shekhe wa mtaa. Sabra ni nusu ya imani, na daraja yake ni kubwa. Walakini sabra ni ya mwenye kuibeba. Mtu asubiriye hasara yake mwenyewe ni msubirifu. Mtu amwambiaye mwingine asubiri dhara ambayo yeye angeweza kuiondoa, hakufundisha sabra, amejipumzisha. Jirani wa Nkwenda asikiaye kilio katika kibanja cha pili akajifunika shuka, akasema ni mtihani wa Mungu, amesahau kuwa mtihani ule ni wake pia, na kwamba ameufeli usiku ule ule.

Na katika Hadithi iliyo sahihi, Mtume ameamrisha ndugu asaidiwe akiwa dhalimu au akiwa mwenye kudhulumiwa. Alipoulizwa dhalimu husaidiwa vipi, alijibu kuwa ni kwa kuzuiwa na dhulma. Basi anayemshika mkono mpigaji amewasaidia wawili: mke amesalimika na maumivu, na mume amesalimika na Moto.

MLANGO WA KURUDI

Huulizwa pia: kwa nini asiondoke? Jawabu kubwa ni ardhi. Mwanamke wa Karagwe akiondoka katika kibanja cha mume ameacha chakula, kahawa na watoto. Na kwa mila za mkoa ule kibanja cha baba yake ni cha kaka zake. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory lililotoka katika mkoa huo wa Kagera, Jaji Mwalusanya aliamua kuwa mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi aliyoirithi kama aliyonayo mwanamume. Watu wengi waliisifu hukumu hiyo kuwa ni mpya. Walakini Qurani ilikwisha mpa binti fungu lake tangu zaidi ya miaka 1,300 kabla ya siku hiyo.

Hapa ndipo Muislamu wa pwani anapopaswa kujihisabu. Minazi ya baba imegawiwa vipi? Nyumba ya marehemu ina nani ndani yake? Ndugu alaye fungu la dada yake huenda hajampiga mwanamke maishani mwake, naye hujiona mwema. Kumbe amemfungia dada yake mlango wa kurudi, na siku atakapopigwa na mumewe hatakuwa na pa kwenda. Fimbo ni ya mume, na ufunguo wa mlango umo mfukoni mwa kaka.

WAPI PA KWENDA

Tanzania Bara haina tena mahakama za kadhi za serikali. Ziliondolewa katika miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Walakini kazi ya kadhi haikufa. Imegawiwa mahali pengi, na inafaa Muislamu ajue kila sehemu iko wapi.

Kwanza ni matibabu na usalama. Aliyeumizwa hupelekwa hospitali, na katika Karagwe iko hospitali ya Nyakahanga, na katika Kyerwa iko ya Isingiro. Jeraha huandikwa katika fomu ya polisi iitwayo PF3, na karatasi hiyo ndiyo shahidi asiyesahau. Katika baadhi ya hospitali za nchi kuna vituo viitwavyo Mkono kwa Mkono, ambamo mganga, polisi na mtu wa ustawi wa jamii hupatikana pamoja.

Pili ni polisi. Jeshi la Polisi limeweka Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo mashitaka haya husikilizwa faraghani. Mtoto aliyeumizwa, au mtu aliyemwona, huweza kupiga simu nambari 116 bila ya malipo.

Tatu ni usuluhishi na sheria. Baraza la usuluhishi wa ndoa, na BAKWATA nayo ina mabaraza hayo, husikiliza mume na mke. Ni kweli kuwa katika madhehebu ya Shafi ubaya wa tabia peke yake haukuwekwa kuwa sababu ya faskhi kama ulivyowekwa kwa Wamaliki. Walakini khului iko, na kutengwa kuko, na kutiwa adabu kuko. Na sheria ya mwaka 1971 huuhesabu ukatili, wa mwili au wa moyo, kuwa ni ushahidi wa ndoa iliyovunjika. Shauri huweza kuanza Mahakama ya Mwanzo, na rufaa huweza kufika Mahakama Kuu iliyoko Bukoba. Katika Karagwe liko pia shirika la WOMEDA, linalowasaidia wanawake katika mambo ya sheria.

Na asaidiaye ashike adabu tatu. Amuulize mwanamke faraghani, mbali na mumewe, wala asimkanushe. Asiende kwa mume kumwambia kuwa mkeo ameshitaki, kisha akamrudisha mke usiku huo huo. Kwani saa ya kutaka kuondoka ndiyo aghlabu iliyo na khatari kubwa kuliko zote. Wala asiharakishe suluhu. Suluhu ni kheri, walakini ni baina ya watu wawili wasiokhofiana. Akaapo mmoja anatetemeka na mwingine anatabasamu, hiyo si suluhu. Ni dhulma iliyotiwa sahihi na mashahidi.

KHATIMA

Jawabu la mas-ala basi ni hili. Sitara ni haki ya mwenye kuteleza, wala si haki ya mwenye kudhulumu. Mwanamke aliyedhulumiwa akisema hakuvunja heshima ya nyumba. Iliyovunja ni dhulma, na iliyovunja ilitangulia. Jirani aliyeona ni shahidi, na kuificha shahada ni dhambi ya moyo kwa neno la Qurani. Na mwanamume wa pwani asijipe usalama kwa kuwa Karagwe ni mbali. Mfano umetolewa mbali ili macho yake yaone vizuri, kisha ayarejeshe nyumbani mwake na mtaani mwake.

Mwenyezi Mungu Awape waume uadilifu, na wake walioonewa faraja, na majirani ndimi za kusema haki. Na Azijaalie nyumba za Waislamu ziwe na sitara isiyoficha ila kheri. Amin.